Watu Wangu, Kicheko Chake

Kicheko chake kilikuwa kinafika kazini kabla yake. Nikiwa nimeinama kwenye viriba vya miche nang'oa magugu, nilikisikia kinapanda kutoka njia ya bondeni, na hapohapo watu wangu wote walinyoosha migongo na kutazama getini. Mimi nilikuwa nimefika tangu kunapambazuka. Mimi ndiye niliyefungua geti, mimi niliyekoka moto wa chai, mimi niliyewasalimia mmoja mmoja. Kwangu hakuna aliyenyoosha mgongo.

Nasema mapema ili mtu asije akanisoma vibaya: nilimwonea wivu yule mama, na bado namwonea. Wengi wakiandika habari za wivu wao huandika baada ya kupona, wametulia, wanajicheka. Mimi sijapona. Bado tunafanya kazi pamoja, na akiyapata haya atayasoma kwa sauti wenzake wasikie, na watacheka, na watacheka wakiwa upande wake.

Kitalu chetu kiko Igurwa, kwenye mteremko uliozungukwa na migomba ya watu. Tunaotesha miche ya kahawa kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya nailoni vinavyojazwa udongo na samadi, tunailea chini ya kivuli cha nyasi, na mvua za vuli zikishika wakulima wanakuja kuichukua kutoka pande zote za Karagwe na Kyerwa. Mwenye kitalu anaishi Bukoba mjini na anatuongoza kwa simu. Msimamizi ni mimi. Nilisomea kilimo, na nilipopewa kazi ile mahali pale palikuwa pori la nyasi na vichuguu. Mwaka wa kwanza tulikuwa wawili tu, mimi na mzee mmoja wa kuchanganya udongo, mtu mkimya ambaye akikuambia neno Jumatatu, la pili utalisubiri mpaka Alhamisi. Waliofuata wote niliwaajiri mimi, pamoja na yeye. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi wangu nilimtafutia hadi jembe.

Alizaliwa Kamuli, upande wa Kyerwa, katika familia ambayo babu zao walitoka Rwanda, akaolewa hapa kwetu. Alizaa mapacha, kwa hiyo watu wote wanamwita Mama Mapacha, na kwetu mama wa mapacha si mama wa hivihivi. Kazi yake ilikuwa ya kawaida tu. Viriba alivyovijaza yeye vililala upande kama walevi waliotoka kilabuni, na kuchelewa kwake kulikuwa na sababu mpya kila wiki. Lakini kwenye pindo la khanga alikuwa na kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani kisha ikakaushwa, na kabla hajashika kazi alipita kwa kila mtu akimtilia punje kiganjani huku akiuliza. Ng'ombe amezaa? Mkwe ameondoka? Mtoto wa dada yako bado amelazwa hospitali ya Nyakahanga? Alijua habari za kila nyumba, na alizikumbuka. Mimi nilijua majina ya watu na zamu zao.

Mimi waliniita Madamu. Ukweli ni kwamba niliwaambia mwenyewe, nilipoanza, kuwa waniite hivyo, nikidhani heshima inaanzia hapo. Wakaniita. Nina mtoto wa kiume, yuko Mwanza anafanya kazi, na miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniita mama wa huyo mtoto wangu. Nimlaumu nani? Nilimlaumu yeye, bila shaka. Nilikuwa nimeshaanza kumlaumu hata jua likichelewa kutoka.

Mwaka ninaousimulia, vuli iligoma. Mawingu yalikuja mchana, yakatuangalia, yakaenda zao Rwanda. Miche ilikuwa imefikia kimo cha kugawiwa, majani yanang'aa, na hakuna mkulima aliyekuja kuchukua mche akaupande kwenye vumbi. Sasa kiriba kina udongo wa kiganja tu. Usipokinywesha asubuhi na jioni, mche unakunja majani, na ukishayakunja mara kadhaa haurudi tena. Kijito cha bondeni tulichokuwa tunakivuta kwa pampu kikawa tope. Pampu ikalinywa lile tope, ikakohoa, ikafa. Ikabaki chemchemi ndogo upande wa pili wa bonde, na madumu, na vichwa vyetu.

Bosi akapiga simu.

"Mvua itakuja tu," alisema, kama mtu aliyeongea nayo asubuhi ileile. "Wewe nitunzie miche. Miche ikifa, Madamu, mimi sianzi upya. Nafunga."

Basi jambo zima likawa hilo. Miche isimame mpaka mvua inyeshe, ama kitalu kife na kila mtu arudi kwao, mimi wa kwanza. Na miche isingesimama bila mikono ya watu, na watu walishaanza kuchoka. Wengine walikuwa wanasikia habari za machimbo ya bati kule Kyerwa, kwamba kuna kazi, kwamba huko hakuna kubeba maji kupanda mlima. Nilianza kuona mtu anaweka dumu chini katikati ya njia na kusimama akitazama upande wa huko.

Niliongoza nilivyofundishwa. Nilipanga zamu, nikagawa matuta, nikasema wa tuta hili wanyweshe kwanza na wa lile wasubiri. Nilibeba dumu kama wao, tena zaidi yao, makusudi, ili waone. Hawakuona. Walimwona yeye. Siku moja nilikuwa napanda mlima nyuma yao, shingo imeingia kifuani, na yeye alikuwa ametangulia kufika. Akalishusha dumu lake, akaliegemeza begani, akaanza kulipigapiga mgongoni kama mtoto aliyemaliza kunyonya.

"Cheua, mwanangu," akaliambia. "Cheua, waitu, kipenzi, usinitapikie."

Watu walianguka chini kwa kicheko. Yule mzee wa udongo, ambaye sijawahi kumwona akionyesha meno, alishika mti asianguke. Na mimi nilisimama pale na dumu langu kichwani, naona giza, nasubiri mtu anitue. Hakuna aliyenitua. Nilijitua mwenyewe, nusu ya maji yakanimwagikia miguuni, nami nikageuka nikasema kwa sauti ya juu kuwa muda wa kunywesha unapita. Walinyamaza mara moja. Walinyanyuka, wakapangusa machozi ya kicheko, wakaenda kunywesha, na nikajua kuwa nimeharibu kitu kilichokuwa kinawapa nguvu, na sikujali.

Nikajaribu kumwiga. Nilinunua kahawa ya kutafuna Nyakahanga, nikaifunga kwenye pindo la khanga kama yeye, na asubuhi nikapita kwa watu. Walipokea kwa mikono miwili. "Asante, Madamu." Wakaitia mfukoni, wote, kama dawa aliyowapa daktari wasiyemwamini. Nikamuuliza yule mzee mguu wake unaendeleaje. Akautazama mguu wake.

"Mguu ni wa shemeji yangu," akasema.

Hayo ndiyo maneno aliyonipa wiki ile.

Wivu kidonda, husema watu, ukishiriki utakonda, nami nilikuwa nimeshaanza kukaza vitenge kiunoni. Nilimhesabia kila dakika aliyochelewa. Nilivisimamisha viriba vyake vilivyolala, kimoja kimoja, nikigugumia. Nilifikia hata kujisemea moyoni kwamba si wa hapa huyu, amekuja tu. Mimi ambaye bibi yangu mzaa mama alivuka mto Kagera kutoka hukohuko Rwanda akiwa amebebwa mgongoni. Wivu ukikosa fimbo huokota hata jiti bovu.

Halafu Ijumaa moja akanifuata nikiwa naosha mikono.

"Madamu, Jumatatu usinitegemee. Baba watoto ameniita Kyerwa, kule machimboni. Kuna kazi ya kuwapikia watu."

Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikamshika mkono, nikamtakia safari njema, nikamwambia amsalimie mumewe ambaye sijawahi kumwona. Alipokwenda kuwaaga wenzake nilitazama kitalu changu nikakiona kipana. Nilijiona Jumatatu asubuhi, geti liko wazi, watu wangu wanafika na kunikuta mimi, na hakuna sauti inayopanda kutoka bondeni.

Jioni, watu wakiwa wanaweka zana stoo, mzee wa udongo akabaki nyuma. Akasimamisha koleo ukutani, akalirekebisha, akalirekebisha tena.

"Akienda yeye," akasema, "na sisi tunapumzika."

"Sisi nani?"

Akaonyesha kwa kidevu wote waliokuwa wanateremka njiani. Kisha naye akateremka.

Jumamosi nililala na neno lile, na Jumapili nikaenda nalo kanisani. Mchungaji alihubiri sijui nini. Mimi nilikuwa napanga watu kichwani: nani atabaki nikimwongezea siku ya mapumziko, nani nitamtisha, nani nitambembeleza. Kila nilipopanga, mstari uliishia kwake. Hata yule dada niliyedhani ni wangu kabisa, niliyemfundisha kuunganisha miche, nilikumbuka kwamba alipofiwa na mama yake nilimpa ruhusa ya siku mbili na pole, na yeye Mama Mapacha alienda akalala msibani kwenye majani mpaka matanga yakaisha. Ibada ilipokwisha sikurudi nyumbani. Niliteremka na viatu vyangu vya kanisani mpaka kwake.

Nilimkuta uani, ameketi chini, anamenya ndizi. Mapacha walikuwa wanagombea ganda.

"Shikamoo, Madamu. Leo umepotea njia?"

"Marahaba. Sijapotea. Nimekuja kwako."

Akanisogezea kigoda, akaendelea kumenya. Niliona furushi limefungwa tayari, limeegemezwa mlangoni.

"Nimekuja kukuomba usiende," nikasema.

Kisu kikasimama. "Nani anaomba? Bosi?"

"Mimi."

"Ijumaa ulinitakia safari njema. Meno yote nje."

"Ndiyo."

"Wewe hunipendi, waitu. Tangu siku nyingi. Mimi nikicheka wewe unakunja uso kama mtu aliyelamba shubiri. Wenzangu wote wanajua. Sasa leo umevaa viatu vya kanisani unakuja kuniomba?"

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilitaka kumwambia habari za miche, na za wenzake ambao wangekosa kazi, na za bosi. Badala yake nikasema lililokuwa karibu.

"Sikuchukii. Nakuonea wivu."

Alinitazama kana kwamba nimevua nguo. "Mimi? Mimi kibarua? Wewe mwenye vyeti, mwenye funguo za geti?"

"Wewe. Wanakupenda. Mimi niliwaajiri, wewe wanakupenda."

Nilitegemea atanihurumia, na nilikuwa nimejiandaa kuichukia huruma yake. Hakunihurumia. Alifurahi. Uso ulimfunguka taratibu kama wa mtu aliyekabidhiwa kitenge kipya na sasa anakikunjua kuona urefu wake. Hapo nilijua kitu ambacho sikuwa nimekijua: kwamba alipenda kupendwa, na kwamba alikuwa analifanyia kazi jambo hilo. Kumbe ile kahawa kwenye pindo la khanga haikuwa bahati.

"Baba watoto anaweza kungoja mpaka mvua," akasema. "Nitabaki. Ila kesho uniombe mbele yao."

"Si nimeshakuomba hapa?"

"Hapa wamesikia hawa." Akaonyesha mapacha. "Nataka wasikie wale. Madamu anaomba."

Hakuniruhusu kuondoka bila kula. Alinipakulia ndizi na maharage, na nilikula nikitafuta kasoro, chumvi imezidi, maharage hayajaiva. Zilikuwa tamu. Hilo nalo lilinikera njia nzima mpaka nyumbani.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Msemo huo nimeusema maisha yangu yote kwa watu wengine. Kuinama chumbani peke yako ni kitu kimoja. Kuinama mbele ya watu uliowaajiri, wanaokuita Madamu, ni kingine kabisa. Asubuhi ya Jumatatu niliwaza kupiga simu niseme naumwa. Halafu nikapita kwenye tuta la mwisho, lile linalopigwa na jua la jioni, nikaona miche imeanza kukunja majani. Nikaenda kufungua geti.

Siku hiyo Mama Mapacha aliwahi. Mwanamke aliyechelewa kila siku aliwahi kuliko wote, akasimama karibu na moto wa chai akingoja, mikono imekunjwa. Wengine walipofika niliwaambia wakusanyike. Walidhani ni mambo ya zamu.

"Mama Mapacha alituaga Ijumaa," nikasema. Sauti ilikuwa yangu lakini ilitoka mbali. "Mimi namwomba mbele yenu asiende. Mama Mapacha, nakuomba. Wewe ukienda hawa wanaenda, na mimi peke yangu siwezi kuwashika. Nimejaribu, nimeshindwa. Nakuomba utusaidie mpaka mvua ije."

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Walinitazama, kisha wote kwa pamoja wakageuka kumtazama yeye, na yule mama hakufanya haraka. Alifungua khanga yake kiunoni, akaikung'uta, akaifunga upya. Alijua wanamtazama. Nilimchukia pale, kwa muda wote alioutumia kufunga khanga ile, nilimchukia kweli.

"Nimesikia, Madamu," akasema.

Akachukua dumu, akaanza kuteremka. Mmoja akamfuata. Wakafuata wote, mmoja nyuma ya mwingine. Mzee wa udongo aliponifikia alisimama. Alilichukua dumu langu mkononi mwangu, akaenda na mawili.

Miche ilisimama. Sitasimulia kila siku, maana zilifanana: bonde, mlima, shingo, jua. Watu walibeba maji mpaka Jumapili baada ya ibada, bila mimi kuwaomba. Walipochoka yeye aliwataniatania, akawapachika majina, akawauliza wake zao wanawapikia nini siku hizi mbona miguu inatetemeka. Nami nilibeba, na nilikuwa nanyamaza wanapocheka. Nilifanya hilo moja kama kazi: nilinyamaza. Kila kicheko kilinipita kifuani na nilikiacha kipite. Kitalu kilikuwa kinaokolewa mbele ya macho yangu, kwa watu wangu, kwa mpango wangu wa zamu, na hakikuwa kinaokolewa na mimi.

Mvua ilikuja mchana wa jua kali, ghafla, ikipiga mabati ya stoo mpaka hatukusikizana. Watu walikimbilia nje badala ya ndani. Walikuwa wanaruka kwenye tope na kukumbatiana, na nikaona jinsi kila mmoja, kabla ya kumkumbatia mwingine yeyote, alivyomtafuta yeye kwanza. Mimi nilikumbatiwa pia. Nilikumbatiwa kwa adabu.

Baada ya mvua wakashuka senene, wale panzi wa kuliwa. Asiyetoka kwetu hataelewa, lakini senene wakishuka, hakuna kazi inayosimama mbele yao. Asubuhi nilifungua geti na hakuna aliyekuja. Niliwasikia kwenye nyasi za ng'ambo, wanaitana, wanacheka, na nilijua hakuna haja ya kukasirika, maana hata mimi miguu ilikuwa inaniwasha. Walikuja jua limeshapanda, nguo zimelowa umande mpaka magotini, vifurushi vya majani ya mgomba mikononi.

Zamani kwetu mwanamke aliwakamata senene, akawasafisha, na mwanamume ndiye aliyekula. Hayo yamepita, tunakula wote. Ila nyumbani kwetu, na kwenye nyumba nyingi nizijuazo, fungu la kwanza la msimu bado halichezewi. Unampelekea mtu. Unampelekea yule ambaye moyoni mwako ndiye mkubwa wako. Kwa hiyo walipoweka sufuria kwenye moto wa chai, wakawang'oa mabawa na miguu, wakawakaanga na chumvi, mimi nilijipa kazi karibu na pale. Nilisimama napanga viriba vilivyokuwa vimeshapangwa. Nilisikia harufu, mate yakanijaa. Mzee wa udongo akakunja jani, akalijaza, akalibeba kwa mikono miwili. Akaja upande wangu. Akanipita.

Alimpa yeye, na aliinama kidogo akimpa.

Yule mama alikula wa kwanza, akafumba macho. Kisha akanyoosha jani kuelekea kwangu. "Karibu, Madamu. Onja."

"Tumbo halijakaa sawa," nikasema.

Kila mtu alijua tumbo langu halina shida. Nikaenda kukagua geti.

Bosi alikuja na lori la Fuso wiki ile wakulima walipoanza kumiminika. Alipita kwenye matuta akiwa ameshika kiuno, anatikisa kichwa. Alikuwa amepita kwenye vitalu vingine njiani, akaona viriba vyenye vijiti vikavu.

"Ninyi mlifanyaje?" akauliza. "Hebu niambieni. Mlifanyaje?"

Watu wakanitazama mimi, kwa sababu mbele ya bosi msimamizi ndiye anayejibu. Yeye Mama Mapacha alikuwa upande, ameshika mche kwa kila mkono. Nami nilimwambia bosi ukweli. Sikuusema kwa wema. Niliusema kwa uchovu, kama mtu anayetua mzigo ambao shingo imeukataa.

"Aliyewashika watu hawa ni huyu mama. Mimi nilishindwa. Bila yeye usingekuta kitu hapa."

Bosi alicheka mpaka akanishika bega. "Mmemsikia?" akawaambia. "Mmemsikia Madamu wenu? Kiongozi wa kweli ndiye huyu. Hajisifu! Sifa zote anawapa watu wake."

"Bosi, nasema kweli. Ni yeye."

"Na bado anaendelea!" Akamgeukia. "Una bahati, mama, kuwa na msimamizi wa namna hii. Mshukuruni Mungu." Kisha akatoa simu. "Madamu, simama hapo kwenye miche nikupige picha. Mama, hebu mpe Madamu huo mche mzuri aushike. Na wewe sogea kidogo, unaweka kivuli."

Alinipa mche. Vidole vyetu viligusana, vyake vimejaa udongo. Nilisimama, nikaushika ule mche kifuani, bosi akapiga picha, na hapo nikasikia utamu. Sitadanganya. Ulianzia tumboni ukapanda. Nilikuwa nimesema ukweli wote, mara mbili, mbele ya mashahidi, na ukweli ulikuwa umerudi kwangu mtamu. Niliwatazama watu wangu. Hawakuwa wananitazama mimi. Walikuwa wanamtazama yeye, na hawakujua wafanye nini na nyuso zao.

Bosi alipokwenda kuongea na wakulima, Mama Mapacha alirudi kwenye tuta, akachuchumaa, akaanza kupanga miche kwenye makreti. Alipanga vizuri, viriba vimesimama wima. Nilingoja mmoja wao aende kwake, na hakuna aliyethubutu. Basi nikaenda mimi.

"Ulinisifu," akasema bila kuinua uso.

"Nilikusifu."

"Sifa zikaenda kwako."

"Zikaja kwangu."

Akashika kiriba, akakigandamiza udongo kwa dole gumba muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Inauma," akasema.

"Ee. Inauma."

"Inakaa siku ngapi?"

Nilimwangalia. Alikuwa anauliza kweli, kama mgonjwa anavyomuuliza mgonjwa mwenzake wa kitanda cha jirani. Tangu nimwajiri, miaka yote ile, ilikuwa mara ya kwanza ananiuliza kitu ambacho mimi nakijua na yeye hakijui.

"Sogea," nikamwambia.

Akasogea. Nikachuchumaa kando yake.